Fungu la Mgeni

Ulimi ulisema elfu thelathini.

Nyemo Chilongani aliisoma namba ile kwenye kioo, akaisoma tena, kisha akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri juu ya mji wa Isanga Mpya, na katika chumba kizima cha mitambo hakukuwa na mtu wa kumpigia kelele. Tangu mji ule ujengwe juu ya uwanda mkavu, na ukuta wake wa kuzuia mchanga uzungushwe, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu yeyote kujua hasa ni watu wangapi wanaokunywa maji yake. Kukisia kumekwisha. Zile hesabu za ofisini za kuzidisha hiki kwa kile na kuomba Mungu nazo zimekwisha.

Na kukisia kulikuwa na hatari yake. Maji ya Isanga Mpya yalitoka ziwani, mbali sana, kwa bomba kuu lililopita miji mingi, na Baraza la Bonde liliyagawa kwa vichwa. Mji ukisema unahudumia watu kadhaa, unapewa maji ya watu kadhaa, ndoo mbili kwa kila kichwa kwa siku, na tone moja zaidi usilitafute.

Ulimi ulikuwa kazi ya ujana wa Nyemo. Wenzake waliolewa, wakazaa, yeye akalea vibati vyembamba vya madini vilivyotandazwa ndani ya mabomba ya majitaka, vikionja kila kinachopita. Mwili wa mtu huacha ladha yake katika maji aliyoyatumia, na hakuna ladha mbili zinazofanana. Ulimi haukujua jina la mtu, dini yake wala umri wake. Ulijua tu kwamba huyu nimeshamwonja na huyu bado, na baada ya wiki nzima ya kuonja ulitoa jumla.

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji, Bwana Luhende, aliingia na kikombe chake cha chai. Huyu alikuwa mtu ambaye hata ukimwambia chakula kiko tayari hushtuka kwanza. Alipoiona namba, chai ilimwagikia shati.

Vitabu vya Mamlaka vilisema elfu thelathini na sita. Kwa miaka yote Baraza lilikuwa likiwapa maji ya watu elfu thelathini na sita, na jioni hiyohiyo mkaguzi wa Baraza alikuwa anakuja kupokea hesabu mpya. Luhende alianza kutembea huku na huku. Alisema wataitwa wezi wa maji. Alisema ana watoto wa kusomesha. Mwishowe akamwomba Nyemo, kwa sauti ya mtu anayekopa, aulegeze Ulimi kidogo ili usome vizuri zaidi.

Nyemo alikataa katakata. Watu elfu sita hawapotei kama sindano, alimwambia, lazima pana sababu, na yeye ataipata kabla mkaguzi hajafika. Akamtazama Luhende, akamuuliza nyumbani kwake wako wangapi.

"Vikombe saba," Luhende alijibu bila kufikiri.

Ndivyo watu wa Isanga Mpya walivyojibu siku zote. Kumhesabu mtu kichwa chake, hasa mtoto, kulikuwa mkosi. Wazee walisema ni kumwonyesha mauti njia. Kwa hiyo kila nyumba ilitundika vikombe vya bati karibu na mlango, na karani wa Mamlaka alipopita aliuliza vikombe, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Nyemo mwenyewe alikulia katika jibu hilo.

"Nimeuliza watu, bosi. Siyo vikombe."

Luhende alitazama mlango kana kwamba kuna anayesikiliza. Akainamia meza. "Sita," alinong'ona.

"Na kikombe cha saba?"

"Cha mgeni, bila shaka. Nyumba gani haina kikombe cha mgeni?"

Isanga Mpya ilikuwa na nyumba elfu sita. Mamlaka nzima, pamoja na wahandisi wake na mitambo yake, kwa miaka yote ilikuwa imehesabu katika kila nyumba mgeni mmoja ambaye hajafika.

Luhende akashika kichwa. Nyemo yeye aliruka kwa furaha, akagonga goti kwenye meza, wala hakusikia maumivu. Kosa lilikuwa zuri mno, la watu wa kwao kabisa. Lakini furaha ile haikukaa, kwa sababu nyuma yake lilikuja swali jingine: ikiwa mgeni hayupo, maji yake huenda wapi?

Kila mtoto wa Isanga Mpya alijua jibu la hilo. Fungu la mgeni, ndoo zake mbili, lilikaa katika tangi lake dogo karibu na mlango. Mgeni akija, ni lake. Asipokuja, kesho yake saa moja asubuhi mwenye nyumba hufungua koki ya mgeni, husema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na maji huteremka ardhini hadi mtambo wa kusafishia, yakatumike tena. Hivyo ndivyo Nyemo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake.

Alifungua kwenye kioo dira za mtambo wa kusafishia, zile zinazopima maji yanayoingia. Akazipitia moja moja, akitafuta ndoo elfu kumi na mbili zinazoingia kila asubuhi.

Hazikuwepo. Hazikuwahi kuwepo hata siku moja.

Saa ya ukutani ilikaribia saa moja. Nyemo alichomoa fimbo ya kusikilizia kutoka nyuma ya mlango, ile ya chuma yenye kikombe cha sikio juu yake, ambayo mafundi huitumia kutafuta mabomba yanayovuja. Luhende akamuuliza anakwenda wapi, naye akajibu tayari yuko kwenye ngazi.

* * *

Saa moja ilipogonga, mji mzima ulifungua koki.

Nyemo alisimamisha pikipiki yake ya umeme kwenye chemba ya kwanza, akachomeka fimbo kwenye kifuniko, akaweka sikio. Bomba la majitaka lilinguruma kwa uvivu wake wa kawaida. Lakini chini yake, mbali zaidi, palikuwa na mlio mwembamba, kama wa sufuria inayoanza kuchemka. Ulikuwa unaelekea mashariki. Mtambo wa kusafishia uko magharibi.

Alipanda pikipiki akakimbia. Mlio ule ungedumu kwa muda wa koki kukauka tu, basi. Ukikatika angesubiri hadi kesho, na kesho hakukuwa na maana. Kwenye njia panda ya sokoni aliupoteza. Alipiga magoti katikati ya nyanya na vitunguu, akachomeka fimbo huku, akachomeka kule, na mama mmoja muuza maharage akamuuliza kama amedondosha hereni. Nyemo akamwomba anyamaze kidogo, shikamoo yake atampa baadaye. Akaupata tena mlio upande wa kulia, mnene zaidi, maana kila mtaa ulikuwa umeuongezea maji yake.

Alicheka njia nzima. Chini ya miguu ya watu waliokuwa wakifagia vibaraza na kuwafokea watoto wavae viatu, palipita mto, na hakuna aliyeujua.

Mto ule ulimpeleka hadi kwenye ukuta wa mji, kwenye lango dogo la mashariki ambalo hupitiwa alfajiri tu na wanaoleta mboga. Mlinzi alimfahamu, akamfungulia, akamwonya kwamba huko hakuna kitu ila vumbi. Nyemo akatoka. Kweli palikuwa na vumbi. Akasukuma pikipiki kupanda kilima, akafika juu.

Upande wa pili palikuwa kijani. Matuta ya mchicha, mlenda, bamia na maboga yalijipanga hadi bondeni, na kati yake nyumba za udongo, safu kwa safu, moshi wa asubuhi ukitoka. Nyemo alikuwa amekula mlenda wa Isanga Mpya maisha yake yote. Ukimuuliza unatoka wapi angekujibu unatoka shamba, na ni shamba gani hakuwahi kujisumbua kuuliza.

* * *

Bomba lilitokeza katikati ya kijiji kile, likigawanyika katika koki nane, na foleni ya ndoo ilikuwa ndefu. Aliyesimamia foleni alikuwa mwanamke wa rika la Nyemo, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni na macho yasiyochezewa. Alimwona mgeni mwenye fimbo na sare ya Mamlaka, na hakukimbia. Alikwenda kwenye mlango wa karibu, akatungua kikombe cha bati, akakijaza, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza, dada. Habari baadaye."

Nyemo akanywa. Yalikuwa maji ya nyumbani kwake. Pengine ndiyo yaleyale mama yake aliyoyafungulia koki asubuhi hiyo. Machozi yalimlenga na hakujua ayafiche wapi, akakirudisha kikombe kikiwa kitupu.

Mwanamke yule aliitwa Sikudhani. Alimsimulia bila kupamba. Babu zao walitoka nchi za mashariki visima vilipokauka, na Baraza likawapangia makazi mbali, huko pwani, ambako familia huchanganywa na kutawanywa kama kete. Hawakwenda. Wakati huo mji wa Isanga Mpya ulikuwa unajengwa, na mafundi bomba wengi walikuwa ndugu zao. Mafundi wale waliona jinsi wenyeji wanavyomwekea mgeni fungu, wakaona haya kulipeleka kwenye majitaka wakati wageni wenyewe wapo nyuma ya kilima. Wakalaza bomba. Hawakumwambia mtu.

Nyemo hakuweza kutulia. Alizungumza kwa haraka, mikono ikiruka. Namba ya vitabu haikuwa ya uongo, alisema, ilikuwa sahihi kwa sababu zisizo zake! Sasa kila kitu kinaeleweka, jioni atamwambia mkaguzi, atawaingiza wote kwenye hesabu ya wanaohudumiwa.

"Umetuuliza?" Sikudhani alimkatiza.

Sikudhani aliendelea kwa sauti ileile ya kawaida, ambayo ilimuumiza Nyemo kuliko kelele. Mume wake alikwenda kuuza mchicha mji wa pili, akakamatwa na watu wa Baraza, akapelekwa makazi. Mwaka wa nne huu. Kila mtu kwenye foleni ile ana wake aliyepotea namna hiyo. Na anayekuhesabu, alisema, amekwisha kujua pa kukukuta.

Furaha yote ya Nyemo ikamporomoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajilazimisha kufikiri. Akiipeleka namba ya Ulimi peke yake, elfu thelathini, atakuwa amesema kweli kabisa, na Baraza litapunguza maji, na mafungu ya wageni yatafutwa, na koki hizi nane zitakauka kabla ya mwezi kwisha. Akiipeleka namba ya zamani na kunyamaza, atakuwa amedanganya kwa chombo alichokijenga ili watu waache kudanganyana, na mwakani Baraza litaleta Ulimi wake lenyewe. Akiwataja, kuna kifungu cha sheria ya Bonde kinachosema mtu aliyeingia kwenye hesabu ya wanaohudumiwa haondolewi bila kusikilizwa. Akamweleza Sikudhani yote hayo, pamoja na kifungu.

"Kifungu hicho kimeshamlinda nani?"

Nyemo alitamani kumdanganya. "Simjui hata mmoja. Mtu wa nje ya ukuta hajawahi kuhesabiwa."

Sikudhani alifunga koki, akafungua, akafunga tena. Alisema watu wao wamejificha vizazi vitatu, na mficha uchi hazai. Yeye kwa upande wake amechoka. Amechoka kumfundisha mwanawe kulala chini kila akisikia gari. Yeye na ahesabiwe. Lakini hawezi kumsemea jirani, na Nyemo naye hawezi.

Basi wakakubaliana hivi, maana hata kule hakuna aliyethubutu kuhesabu vichwa vya watu. Anayetaka kuingia kwenye hesabu atundike vikombe vya nyumba yake ukutani, upande wa nje. Asiyetaka avitoe, afunge mlango. Hakuna atakayeulizwa sababu. Nyemo akae palepale kwenye bomba, asimkodolee mtu macho, na kiongozi wa kila safu atamletea jumla.

Neno likapita safu kwa safu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Mzee mmoja alitoka, akatungua vikombe vyake vyote kwa fimbo, akaingia, na komeo likasikika. Nyumba ya pili ikafanya hivyo, na ya tatu. Nyemo alitazama miguu yake. Alijiona mjinga, mtu aliyekuja na kiherehere chake kuwatisha watu waliokuwa wakinywa maji kwa amani.

Ndipo akasikia bati likigonga ukuta. Sikudhani alikuwa ametundika chake, cha mwanawe, na cha mumewe aliyepelekwa makazi. Akasita, akakitoa cha mumewe, akakiweka kifuani. Kisha akatundika cha mgeni. Mlango wa pili ukaanza. Halafu bati likawa linagonga kila upande, bondeni kote, kama mvua inayoanza juu ya mapaa. Nyemo alisimama bila kujijua. Alilia waziwazi na kucheka, na wanawake wa foleni wakacheka naye.

Viongozi wa safu walipoleta jumla zao, vikombe vilikuwa elfu sita kasoro kidogo. Nyemo akaanza kupunguza kimoja kwa kila nyumba, maana sasa aliijua siri ya kikombe cha mwisho. Akainua macho, akaiona ile milango iliyofungwa. Akaacha kupunguza.

* * *

Mkaguzi Rweyongeza alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kutoka kandokando ya ziwa, mahali ambapo maji hayahesabiwi kwa ndoo. Nyemo alipoingia ofisini na vumbi hadi kwenye nyusi, mkaguzi alikuwa ameketi na glasi ya maji mbele yake, na Luhende alikuwa amekwisha kuungama habari zote za vikombe, kwa woga tu.

Nyemo akasimulia yaliyobaki. Hakuficha kitu. Alisema elfu thelathini ndani ya ukuta, kwa ushahidi wa Ulimi. Elfu sita kasoro kidogo nje ya ukuta, kwa ushahidi wa vikombe. Na wote hao, ndani na nje, wanahudumiwa na Mamlaka ya Maji ya Isanga Mpya tangu bomba la kwanza lilazwe. Akataja kifungu.

Mkaguzi alimwacha amalize. Akasema watu hao ni wageni, na wageni wana makazi yao waliyopangiwa.

"Mgeni siku mbili, mheshimiwa, ya tatu mpe jembe," Nyemo alisema. "Hawa wameshika jembe tangu enzi za babu zao. Mboga utakayokula usiku huu hapa ni yao."

Mkaguzi hakucheka. Aliuliza swali ambalo Nyemo alikuwa amelisubiri njia nzima.

"Umehesabu kwa vikombe. Je, vya wageni umevitoa?"

Angeweza kusema ndiyo. Luhende alimkonyeza aseme ndiyo. Maisha yake yote alikuwa amechukia hesabu yenye mtu asiyeonekana ndani yake, na alijenga chombo kizima ili kuikomesha.

"Sijavitoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna milango iliyofungwa. Waliomo hawakutaka kuhesabiwa, na mimi sina ruhusa ya kuwahesabu. Lakini kiu wanayo. Jirani zao wamewatundikia."

Luhende ndiye aliyedakia, na hadi leo hajui ujasiri ule aliutoa wapi.

"Na hiyo glasi, mheshimiwa," alisema, "ni ya fungu la mgeni la ofisi hii. Leo asubuhi hatukufungua koki, kwa kuwa tulijua unakuja. Huko nyuma ya kilima kuna mtu leo amepungukiwa ndoo mbili."

Mkaguzi aliitazama glasi. Alikuwa amekwisha kuinywa nusu. Akaishika kama mtu anayepima uzito wake, akainywa yote hadi chini, akaiweka mezani taratibu. Kisha akavuta karatasi yake na kuandika, akiyasoma maneno kwa sauti ili wote wasikie: wanaohudumiwa, elfu thelathini na sita, wa nje ya ukuta wasiguswe hadi wasikilizwe, na yeye mwenyewe atakuwepo siku hiyo. Akaongeza kwamba bado hajashawishika. Akaomba aonyeshwe hicho kilima kesho.

Nyemo alitoka mbio kumpelekea Sikudhani habari. Kwenye kibaraza cha ofisi alimkuta Luhende ameshamtangulia, shati bado lina madoa ya chai, anahangaika na ndoo mbili alizozichota katika fungu lake mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya koki ya mgeni ya ofisi, akimimina maji kwenye tangi la mgeni kwa uangalifu, koki ikiwa wazi, midomo ikitaja yale maneno ya asubuhi ingawa jua lilikuwa linazama.

Nyemo akachomeka fimbo ardhini, akaweka sikio, akayasikia maji yakienda mashariki.